Baba Grégoire, Nyumba Nne za Povu na Moto wa Jumamosi

Baba Grégoire Musafiri, fundi wa paa na dari wa Kazi za Leta, yaani za serikali, hapa Kasongo, anapumzika kazi tarehe 31 Desemba 1958, baada ya kutumika miaka thelathini na miwili, miezi miwili na siku ishirini na saba. Komisi Gérard, mkuu wa makarani, ameniomba nisahihishe: ni siku ishirini tu. Siku saba alizolala buloko, kifungoni, mwaka jana hazihesabiki kuwa utumishi. Nimesahihisha. Leta haipendi kumzidishia mtu sifa, hata za wiki moja.

Anayeandika ni Véronique, mwenye kushika daftari la vipimo. Nina miaka kumi na saba. Masista walinifundisha Kifaransa cha kuandikia barua na Kiswahili cha kuimbia misa. Sikuchukuliwa kazini kwa akili. Enjenieri aliwaomba masista msichana mwenye mwandiko safi na asiyesema sana, nao hawakufikiri hata dakika moja, wakanitaja mimi. Komisi Gérard amenipa kanuni za karatasi hii: anza na miaka, taja kazi, weka kichekesho kimoja au viwili, maliza kwa kumtakia mtu heri. Upande wa Kifaransa ameuandika mwenyewe. Una mistari tisa, na jina la Baba Grégoire limo mara moja, likikosa herufi. Upande wa Kiswahili ameniachia mimi, kwa sababu, alivyosema, ni wa watu wa kawaida na hakuna atakayeuchunguza.

Basi Baba Grégoire aliingia kazini tarehe 4 Oktoba 1926, akitoka kijiji cha Wabangubangu upande wa Kabambare, akiwa kijana wa kubeba matofali. Aliambiwa ni kazi ya wiki mbili. Wiki zile mbili ndizo zinaisha mwezi huu. Mwaka 1931 alipanda juu ya paa kwa mara ya kwanza kwa sababu fundi mwenyewe aliugua, na tangu siku ile hakuna aliyekumbuka kumwambia ashuke. Ameezeka ghala la mpunga la Nyangwe, zahanati tatu, nyumba za Wazungu wa posta, mtaa wao, na buloko ya Kasongo. Hiyo aliiezeka mwaka 1948 kwa uangalifu wa pekee, misumari miwili pale ambapo wengine hupiga mmoja. Alipolala humo mwaka jana, upepo wa kiangazi haukupata pa kuingilia. Ni watumishi wangapi wa Leta wanaobahatika kufurahia kazi ya mikono yao namna hiyo?

Katika miaka yote hiyo alianguka mara moja tu, mwaka 1939, kutoka paa la jiko la msimamizi wa teritware, mkuu wa wilaya, akatua juu ya kikapu cha mayai. Ripoti ya siku ile nimeisoma. Inataja mayai kumi na manane yaliyovunjika. Mbavu mbili za Baba Grégoire hazikutajwa, kwa kuwa hazikuwa katika orodha ya vifaa vya jikoni.

Waliofanya naye kazi wanajua kwamba husema akiwa na misumari mdomoni. Sita, saba, wakati mwingine kumi. Anatania, anaimba vibaya, anatuma watu ngazi, anamtukana mtu taratibu, yote katikati ya misumari, na vibarua wapya huchukua mwezi mzima kumwelewa. Lakini akiitema kiganjani kabla ya kusema, kaa chini umsikilize. Nimeona akiitema mara mbili tu.

Sasa nifike kwenye povu, maana ndilo lililompeleka buloko na ndilo litakalonitoa machozi nikichelewa kulisimulia.

Mwezi wa pili wa mwaka 1957 yalifika masanduku kutoka Ulaya pamoja na enjenieri mpya. Huyo tulimwita Bwana Degere, kwa sababu hakumsalimia mtu kabla ya kutazama kipimajoto na kutamka idadi ya degere za joto. Leta ilikuwa inajenga nyumba ya wazazi, ya mama kujifungulia, kule Kabambare, vitanda kumi na viwili chini ya mabati, na mabati ya Kabambare saa tisa mchana yanaweza kupika mhogo. Bwana Degere alieleza kwamba zamani jambo hili lingemalizwa kwa kuweka mashine ya umeme ya kupepea, nayo mashine inakunywa petroli, na petroli ya kwenda Kabambare inakwama matopeni pamoja na kamiyo iliyoibeba. Nyumba yenye akili, alisema, inajipoza yenyewe. Kinachotakiwa ni dari ya povu kavu, lililojaa hewa kama mkate uliovimba, nayo ile hewa inakataa kupitisha joto. Alisema kweli. Hapo simcheki.

Povu lilikuwa la namna tatu, na yeye alitaka kujua lipi ni bora. Kila moja lilikuwa na jina la Kifaransa refu kama treni. Vibarua wakalitafutia jina la kula. La kwanza lilikuwa jeupe na jepesi, ukilivunja linamwagika punje, wakaliita Mchele. La pili lilikuwa la manjano na gumu kidogo, wakaliita Ndizi. La tatu lilikuwa kijivu, likiguswa linapukutika vumbi, wakaliita Biskuti. Baba Grégoire alijenga nyumba nne ndogo za matofali nyuma ya biro, ofisi yetu, kando ya njia ya Nyangwe, kila moja mita tatu kwa tatu, zote za mabati. Tatu alizitia dari za povu, kila moja povu lake. Ya nne aliiacha bila dari, nayo tukaiita Bure.

Kazi yangu ilikuwa kuingia kila nyumba saa sita na saa tisa, kusoma kipimajoto, kuandika, kutoka na kufunga kwa ufunguo. Miezi mitatu niliyafanya hayo. Wastani wa saa tisa, nje kivulini ikiwa thelathini na tatu, ulikuwa hivi: Bure arobaini na moja, Biskuti thelathini na nne, Mchele thelathini na moja, Ndizi ishirini na tisa. Nayaandika kwa furaha, maana nilikuwa mtu wa kwanza Kasongo kuyajua, na sikuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote kwa mdomo.

Siku moja Bwana Degere alimfuata Baba Grégoire nyumbani kwake, na kwa mazoea akatundika kipimajoto ndani. Nyumba ya Baba Grégoire ni ya udongo na majani, kama zetu. Ilikuwa saa tisa. Ishirini na nane. Niliandika ishirini na nane. Bwana Degere alikitikisa kile chombo, akasoma tena, kisha akaniambia nifute, kwa kuwa majani si kifaa cha ujenzi. Nilifuta. Alama ya kifutio bado iko ukurasa wa kumi na nne, kwa atakayependa kuiona.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Baba Grégoire hakukubali, na kwa ajili yake aliitema misumari kwa mara ya kwanza mbele yangu. Kwetu nyumba ikiisha kujengwa, hapana mtu anayeingiza mkeka wake kabla mwanamke hajaleta makaa kutoka nyumba nyingine, akawasha moto ndani, akapika, na mafundi wakala. Nyumba zile nne zilikuwa zimekaa zimefungwa, hazijapikiwa hata kiazi. Bwana Degere alikataza moto kwa sababu ungeharibu degere zake. Baba Grégoire alitii, lakini hakufurahi.

“Mutoto,” aliniambia nikifunga mlango wa Mchele, “nyumba yenye haijaonja moto iko sanduku tu. Na sanduku ya namna hii, wanalalishaka mutu gani ndani? Unajua mwenyewe.”

Mwanzoni nilidhani ni desturi tu inayomsumbua. Kumbe alikuwa na binti. Pascaline, mtoto wake wa mwisho, ameolewa Kabambare, na wakati ule ndoa yake ilikuwa bado changa. Angezaa katika nyumba ile ya vitanda kumi na viwili. Na mzazi wa kwetu, povu lije lisije, hukaa siku arobaini karibu na moto. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa moto, mtoto anapashwa mgongo. Ukimkataza mbabula, jiko la makaa, mchana, mama yake atauingiza chini ya kitanda jioni. Baba Grégoire alimweleza Bwana Degere haya yote, Komisi Gérard akitafsiri kwa kufupisha. Bwana Degere alijibu kwamba jambo hilo limefikiriwa: kutatundikwa ubao ukutani unaokataza moto. Ubao utakuwa wa Kifaransa. Hapo Baba Grégoire aliuliza kwa adabu kama ubao utakuja na mtu wa kuwasomea wale mama, na Komisi Gérard hakulitafsiri swali hilo.

Mwezi wa sita Bwana Degere alichagua Mchele. Ndizi lilikuwa baridi zaidi, lakini Mchele lilikuwa jepesi kuliko yote, na njia ya Kabambare haipendi mizigo. Masanduku yakapakiwa kwenye kamiyo ya dereva Heri, iondoke Jumatatu tarehe 24. Dari ingekuwa povu tupu, limepakwa rangi nyeupe, ili lipendeze machoni pa wageni wa sherehe.

Juma lile Baba Grégoire aliomba kusema na Bwana Degere. Mara ya kwanza aliambiwa kwamba jambo ni la sayansi. Mara ya pili aliambiwa kwamba Bwana anakula. Mara ya tatu Komisi Gérard, akimhurumia, alimshauri aandike barua kwa Kifaransa. Basi Baba Grégoire akaja kwangu, siku ya Jumanne, akaitema misumari, akanieleza, nami nikaandika. Ilikuwa barua nzuri. Ilimwomba Bwana Degere jambo moja: kabla kamiyo haijaondoka, awashe moto mdogo katika nyumba ya Mchele, akae nao humo saa moja, yeye mwenyewe.

Hapa naungama. Barua ile sikuipeleka. Ilikaa ndani ya daftari langu Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Kila asubuhi niliingia biro, nikasimama mbele ya meza, nikasema “Bonjour, Monsieur,” nikaonyesha ukurasa wa vipimo, nikatoka na barua yangu. Meza ilikuwa na upana wa mita moja. Mkono wangu haukuvuka. Baba Grégoire aliniuliza Ijumaa kama Bwana amejibu, nami nikasema bado. Hilo halikuwa uongo, na ndivyo nilivyolala usingizi.

Jumamosi tarehe 22, saa sita, nilikwenda kusoma vipimo kama kawaida. Nilimkuta Baba Grégoire mlangoni pa Mchele amevaa kofia yake ya Jumapili, na mkewe Mama Marguerite ana makaa katika kigae, chungu cha mchele kichwani, na mafiga matatu kwenye kikapu. Ufunguo ulikuwa kwangu. Baba Grégoire alinyoosha mkono tu. Nilimpa. Nilijua ninampa nini.

Mama Marguerite aliwasha moto katikati ya sakafu, moto wa kawaida wa kupikia chakula cha watu sita. Tukaacha mlango wazi, tukasimama karibu nao. Baba Grégoire hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni.

“Andika saa,” aliniambia. “Usiandike kingine. Saa, na kile unaona.”

Niliandika. Saa sita na dakika kumi, moto unawaka. Sita na ishirini na tano, dari inalegea katikati kama shuka la mvua. Sita na thelathini na moja, tone la kwanza. Lilianguka likiwaka. Halikuzimika lilipofika chini, liliendelea kuwaka sakafuni, likafuatwa na la pili na la tatu, na moja likatua ndani ya chungu. Mama Marguerite alikuwa amejiinamia kukoroga. Tone jingine likashika pindo la kikwembe alichojifunga. Baba Grégoire alimvuta nje, akalikanyaga pindo mpaka likazima. Sita na arobaini, hakuna dari. Kilichokuwa dari kilikuwa sakafuni, kikiwaka.

Mama Marguerite alikung'uta pindo lake. “Mchele ya Wazungu imeangukia mchele yangu,” alisema. “Sasa hiyo nani atakula? Wewe, Musafiri?”

Ningeweza kuishia hapo, lakini Baba Grégoire ni mtu wa haki, hapendi kuonea povu moja. Alichota makaa yaliyobaki akawasha moto ndani ya Biskuti. Dari ikawa nyeusi, ikapasuka, ikamwaga vumbi, lakini haikushika moto. Kisha akawasha ndani ya Ndizi. Kipimajoto chake nilikitoa kwanza, nikikumbuka kwamba ni mali ya Leta. Ndizi halikudondoka. Lilishika moto lote kwa mara moja na kutoa moshi mweusi, mzito, wa kukaba koo, ambao Nyangwe labda waliuona. Posta waliuona bila shaka, kwa kuwa Bwana Degere alifika akikimbia, kitambaa cha kulia chakula bado kimening'inia shingoni, na Komisi Gérard nyuma yake, amevaa kiatu kimoja.

Bwana Degere aliuliza nani amefanya haya. Baba Grégoire alivua kofia akasema ni yeye, na kwamba nyumba tatu sasa zimeonja moto, mbili hazikuupenda. Komisi Gérard alikuwa na kazi ya kutafsiri maneno hayo. Alimtazama Bwana Degere, akautazama moshi, akachagua njia fupi. Alisema: “Bwana, amelewa.”

Baba Grégoire hajaonja pombe tangu 1939, tangu mayai yale. Kila mtu wa Kasongo anajua. Bwana Degere hakuwa mtu wa Kasongo, na labda alikuwa na shaka, kwa sababu alinigeukia mimi, msichana wa masista, mwenye daftari mkononi, akaniuliza kwa Kifaransa, polepole, “Alikuwa amelewa?”

Nilifungua kinywa. Nayajua maneno ya Kifaransa ya kujibu. Ni mafupi, ya darasa la kwanza. Hayakutoka. Nilitazama viatu vyangu. Alingoja, nami nikaendelea kuvitazama, mpaka yeye akachukua kimya changu kuwa jibu. Baba Grégoire aliandikiwa siku saba, kuanzia Jumapili, kwa ulevi kazini na uharibifu wa nyumba mbili za majaribio. Alipopita mbele yangu akipelekwa, hakuniangalia vibaya. Aliniambia nifunge Bure, maana mbuzi wa jirani wangeingia.

Jumapili katika misa nilimwomba Mungu anipe ulimi. Hakunipa. Lakini nadhani alikumbuka kwamba nina mikono. Jumatatu asubuhi, kabla Bwana Degere hajafika, niliingia biro, nikaweka daftari juu ya meza, limefunguka ukurasa wa Jumamosi, na barua ya Baba Grégoire juu yake. Baada ya ushujaa huo mkubwa nilikimbia kujificha nyuma ya ghala la saruji. Kamiyo ilikuwa tayari inanguruma uani, na Heri anafunga kamba za mwisho.

Nikiwa nyuma ya ghala nilimwona Bwana Degere akitoka na ukurasa mkononi. Alikwenda kwenye kamiyo, akavunja kipande cha Mchele kutoka sanduku la juu, akakipeleka pembeni, akakiwashia moto kwa kiberiti chake cha sigara, akakiinua juu mbele ya macho yake. Kilidondoka juu ya kiatu. Kiatu kile hatukukiona tena. Kisha akamwambia Heri azime injini. Mchana akawakusanya wakubwa na kuwaeleza kwamba usiku alikuwa ametafakari sana, akagundua kwamba povu na moto havipatani. Wakampongeza. Nami nikampongeza, moyoni, kama kawaida yangu.

Jumanne alifanya jambo ambalo Leta peke yake inaweza kulifanya bila kucheka. Alimtoa Baba Grégoire buloko, siku ya tatu ya kifungo, akamketisha kwenye kiti, akampa chai, akamuuliza dari ya Kabambare ifanyweje. Daftari nilikuwa nalo mimi, kwa hiyo maneno ninayo kama yalivyosemwa. Misumari haikuwepo ya kutema. Askari walikuwa wameichukua.

“Povu wacheni juu, haina kosa,” alisema Baba Grégoire. “Kosa ni kuikutanisha na moto uso kwa uso. Mutu na mama mukwe wake, munawawekaka chumba kimoja? Munaweka ukuta katikati, na kila mutu anakaa na heshima yake.”

Alichora kwa kidole mezani. Povu juu, chini ya mabati, lizuie jua. Chini yake matete yaliyofungwa kwa kamba, na chini ya matete udongo wa kichuguu uliochanganywa na pumba za mpunga, unene wa vidole viwili, usuguliwe mpaka uteleze. Moto utauona udongo tu. Joto litaliona povu tu. Komisi Gérard alitafsiri yote, safari hii bila kufupisha, kwa sababu Bwana Degere alikuwa anaandika. Walipomaliza, Bwana Degere alimshukuru sana, akampa mkono, na askari wakamrudisha Baba Grégoire buloko amalizie siku nne zilizobaki. Sheria ni sheria.

Alipotoka alijenga nyumba ya tano. Tuliwasha moto humo siku tatu mfululizo, Mama Marguerite akapika mpaka akachoka, na mara hii wali ulilika. Udongo uliingia masizi tu. Saa tisa mchana, moto ukiwa umezimwa, kipimajoto kilisoma thelathini. Dari ya Kabambare ikafanywa hivyo hivyo, kwa Mchele lile lile lililokuwa kwenye kamiyo. Katika ripoti iliyokwenda mbali, dari hiyo ina jina la Bwana Degere, lake na la baba yake, yote mawili. Ripoti niliipiga mashine mimi. Kurasa safi, hakuna kosa hata moja. Baba Grégoire yumo ukurasa wa tisa, chini, anaitwa “vibarua wa hapa.”

Nyumba ya wazazi ilifunguliwa mwezi wa kumi. Ubao wa Kifaransa ulitundikwa, na wale mama wakapata mahali pa kuanikia nepi. Pascaline alizaa mwezi wa pili mwaka huu, mtoto wa kiume. Siku ya nne baada ya kuzaa, mchana, mbabula wa kitanda cha jirani yake ulipinduka, chandarua kikashika moto, na moto ukapanda wima mpaka darini. Muuguzi Julienne, aliyekuwepo, anasema ulilamba dari kwa muda wa kusema Salamu Maria mbili. Kisha chandarua kikaisha, na moto nao ukaisha, kwa kukosa cha kula. Mama kumi na mmoja walitoka nje na watoto wao mikononi. Jioni wote walikuwa wamerudi vitandani, wanalalamika juu ya masizi. Pascaline aliendelea kunyonyesha, na mama mwenye mbabula aliwasha mwingine.

Biro yetu ina karatasi moja tu inayohusu siku hiyo. Ni ombi la chandarua kimoja badala ya kilichoharibika. Komisi Gérard ameiweka katika faili la vitambaa.

Katika faili la Baba Grégoire mambo ni tofauti. Humo bado limo neno ulevi, na kwa neno hilo hakupewa nishani ambayo watumishi wa miaka thelathini hupewa. Leta imemwandalia zawadi nyingine, ambayo atakabidhiwa leo mbele yetu: kipimajoto kimoja, kile cha nyumba ya Ndizi. Kioo chake kina ufa, na kinazidisha degere mbili. Tunaamini atakithamini.

Basi, kwa niaba ya mafundi, makarani, madereva na vibarua wa hapa, tunamshukuru Baba Grégoire kwa mapaa yote tuliyolala chini yake bila kuyatazama. Tunamshukuru Mama Marguerite kwa chungu kimoja cha mchele na pindo la kikwembe. Wanahamia Kabambare, kwa Pascaline, ambako mjukuu amekwisha kuota meno mawili na kofia ya Jumapili ya babu yake inamngoja aitafune.

Komisi Gérard amesema sehemu hii ya Kiswahili niisome mimi kwa sauti, kwa kuwa ni ndefu na koo lake ni bovu. Bwana Degere atakuwa amekaa kiti cha mbele. Nimefanya mazoezi siku tisa, nyuma ya ghala la saruji, na mstari huu wa mwisho nitausoma kwanza kwa Kifaransa, nikimtazama yeye, kisha kwa Kiswahili, nikimtazama Baba Grégoire. Bwana, tarehe 22 Juni mwaka jana uliniuliza swali. Jibu ni hapana, hakuwa amelewa. Barua yake ilikuwa kwangu tangu Jumanne, na ufunguo nilimpa mimi. Liandike katika faili. Nawe Baba, nisamehe, uende salama, uishi miaka mingi yenye kivuli na chakula cha moto.